Kiti cha Samadi

Benchi letu la kijiwe cha kahawa lilivunjika mguu juzi, kwa hiyo asubuhi hii upande mmoja tumeuegemeza kwenye gunia la samadi la Shemeji, na mwenzetu Jaji, tunayemwita hivyo kwa kupenda kutoa hukumu, kakaa juu ya gunia lenyewe. Shemeji tunamwita hivyo kwa kuwa kaoa dada yetu wa mtaa huu, wakaachiwa shamba la mizabibu la marehemu baba mkwe. Majani yamekuwa manjano, udongo mgumu kama sakafu, na mkewe kasema msimu huu ukiharibika mizabibu inang'olewa. Shemeji alikuwa anapeleka gunia la kwanza shambani, akapitia kwetu kupata ushauri. Hapo ndipo alipokosea.

SHEMEJI: Kaka zangu, miaka yote natia mbolea ya dukani tu. Leo nataka nichanganye na samadi. Nikiharibu tena, zabibu za mzee zimenifia mikononi.

INJINIA: Ondoa shaka, shem. Ya dukani ni petroli, samadi ni oili. Umeendesha injini kavu miaka yote!

JAJI: Injini unaijulia wapi, na wewe fundi baiskeli? Udongo ni tumbo. Ukiulisha chumvi za dukani kila siku, lazima ufunge choo. Samadi italainisha. Halafu gunia hili, jamani, linanipa joto kiunoni, maumivu ya mgongo yameisha kabisa.

INJINIA: Aongeze na machicha ya kahawa. Mzabibu ukinywa kahawa haulali, unazaa usiku na mchana.

JAJI: Na zabibu zinatoka zimeshalewa! Hukumu yangu: mwaga yote leo, ibanane na shina.

SHEMEJI: Na shina kabisa?

JAJI: Ilikumbatie! Kesi imefungwa.

Shemeji akaweka kikombe chini, uso umemchangamka. Mimi mwenyewe niliamini. Mara akatokea dada yetu, jembe begani, anamtafuta mumewe.

DADA: Kaka Jaji, mbona unatoka jasho na baridi yote hii?

JAJI: Gunia, dada. Lina joto tamu hilo!

Dada akapenyeza mkono guniani, akauchomoa haraka.

DADA: Mbichi hii! Bado inachemka. Ndiyo mnataka ikumbatie shina?

INJINIA: Si ndiyo nguvu yake hiyo?

DADA: Haya. Ikiwa Jaji na suruali yake anatoka jasho, mizizi iliyo uchi itafanyaje?

Injinia akaanza kukagua baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote. Nilimwonea Shemeji huruma, maana alibakiza hatua chache tu auchome urithi wa mkewe.

DADA: Twende, mume wangu. Inarudi lundoni ioze vizuri. Ikishapoa tutaitia mbali kidogo na shina, na ile ya dukani tuongeze kiasi. Mizabibu ya baba haing'oki.

Shemeji akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamwambia Jaji ainuke, akalinyanyua gunia. Benchi likalala upande, na sisi tukalala nalo, birika la kahawa likamwagika lote.

JAJI: Shemeji! Sasa sisi tutakalia nini?