Lenzi ya Zamani ya Marehemu Japheth Munyoki Ngui

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Mkongani na wa Ukunda, ndugu zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni Abednego Kaindi, mdogo wake marehemu, na mtaniwia radhi nikisoma nimekaa, kwa kuwa magoti yamekataa, na kwa kuwa katika ukoo huu kila anapokufa mtu kalamu huletwa kwangu, nami nimechoka, Mungu anisamehe, nimechoka kuandika tarehe za watu niliotarajia kwamba wao ndio wangeandika zangu.

Marehemu Japheth Munyoki Ngui alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, hapa hapa Mkongani, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Ngui na marehemu mama yetu Kalunde, waliotoka Kitui wakapewa shamba katika ardhi ya makazi, wakaanza maisha kwa kung'oa visiki mchana na kufukuza ndovu usiku. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 alipomaliza darasa la saba, akafaulu vizuri, lakini mwaka ule mvua ilikataa na kaka yetu mkubwa alikuwa tayari sekondari, kwa hiyo Japheth akashika jembe, akalishika kwa mwaka mmoja, na yeyote aliyelima naye atakubali kwamba jembe lilishukuru alipoliacha.

Januari 1975 alikwenda Mombasa, akapata kazi ya kufagia katika studio ya picha ya marehemu bwana Amin, mtu mkali lakini mwenye haki, ambaye baada ya miezi kadhaa alimwingiza chumba cha giza na kumfundisha kusafisha filamu, na baadaye kushika kamera. Mwaka 1983 alirudi Kwale na kufungua studio yake mwenyewe Ukunda, nyuma ya soko, ambako picha zenu nyingi za vitambulisho, za harusi na za watoto wanaojifunza kukaa zilipigwa, na msimu wa wageni ulipofika alishuka Diani kupiga picha hotelini. Bwana Amin alipofunga duka lake mwaka 1994 alimwachia kamera yake ya zamani pamoja na lenzi, ile aina ambayo mpiga picha huchungulia kidirisha cha pembeni, akaziona sura mbili za mtu mmoja, akazisogeza mpaka ziwe moja.

Tarehe 18 Agosti 1984 marehemu alifunga ndoa na Bi. Kanini, na Mungu akawajalia watoto watatu, nao ni Hesbon aliyezaliwa mwaka 1985, Beryl mwaka 1989, na Jemima mwaka 1993. Marehemu aliwapenda wanawe wote, lakini hakuwa mtu rahisi, na anayetaka kusikia leo kwamba alikuwa malaika amekosea matanga. Alikuwa mbishi, alikuwa msiri, na neno la asante lilikuwa likimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Filamu zilipokufa, studio nayo ikaanza kufa, maana kila mtu alijipatia simu na kujipiga mwenyewe, na mwaka 2012 marehemu alibomoa chumba cha giza akakodisha nafasi ile kwa muuza nguo. Mwaka 2013 aligunduliwa kuwa na kisukari, akapewa dawa, akazimeza alipokumbuka. Ndipo Agosti 2016 mwanawe Hesbon, ambaye ameajiriwa Nairobi, alipomletea kamera ya kisasa ya dijitali pamoja na lenzi yake mpya, inayojitafutia yenyewe sura ya mtu, ili baba yake arudi kazini kama watu wengine.

Hapa naomba subira yenu, kwa kuwa familia imekubaliana kwamba jambo hili lisomwe wazi, na mama Kanini ndiye aliyesisitiza. Haukupita mwezi marehemu aliing'oa ile lenzi mpya akaitia kabatini, akaenda kwa fundi wake wa kukereza vyuma pale Ukunda, bwana Jaafar, ambaye yuko nasi, akamwagiza ringi ya alumini ya kuunganisha kamera mpya na lenzi ya zamani ya bwana Amin. Kamera yenyewe ilikataa, ikawa inaandika kwamba haijavaa lenzi, mpaka Beryl akaingia kwenye mipangilio yake na kuilazimisha ikubali. Sisi tulicheka, tukasema mzee amenunuliwa gari akalifungia ng'ombe, na Hesbon alipopata habari hakucheka.

Sasa ringi ya namna ile haitaki makosa, maana ikizidi unene hata kwa upana wa ukucha, lenzi hukaa mbali na mahali pake, na alama zote za umbali zilizochongwa juu yake huwa za uongo. Ringi ya kwanza ilikuwa sawa lakini ikalegea, ya pili ilitengenezwa wiki ya harusi ya Hesbon na mkewe Cynthia, tarehe 8 Desemba 2018, na hiyo ya pili ilizidi. Marehemu hakumruhusu mpiga picha mwingine akanyage kiwanja kile, alipiga kutwa nzima akiwa na suti na jasho, na picha zilipofunguliwa, majani yaliyokuwa mbele ya miguu ya maharusi yalitoka safi, unaweza kuuona kila unyasi, lakini nyuso za bwana harusi, za bibi harusi na za wakwe zetu waliosafiri kutoka mbali zilikuwa ukungu mtupu. Hakukuwa na hata moja ya kutundika ukutani.

Hesbon alimwuliza baba yake swali moja tu, mbele yetu sote: "Baba, lenzi niliyokuletea iko wapi?" Marehemu akajibu kwamba iko kabatini na haina kazi. Tangu siku hiyo simu za Hesbon zilikuwa za mama yake, Krismasi zikapita bila yeye, akaja kwenye mazishi ya wengine na kuondoka kabla ya chakula, na hata leo ameketi kule kando ya ua pamoja na wenzake wa kazini, wala si chini ya hema la familia. Simlaumu, maana mimi mwenyewe nilidhani kaka yangu alimdharau mtoto kwa kiburi cha ufundi.

Mwaka jana marehemu alirudi kwa bwana Jaafar wakaikereza ringi ya tatu, kisha akawa anaimalizia mwenyewe nyumbani kwa kuisugua kwenye msasa uliotandikwa juu ya kioo, anasugua kidogo, anaivalisha, anapiga, anasugua tena. Alikuwa akiweka viti viwili uani, karibu karibu, akavipiga picha kila alasiri, na kumwita Beryl amwambie kama misumari ya viti inaonekana. Majirani waliokuwa wakichungulia walimwuliza mama Kanini kwa upole kama mzee bado yuko sawa kichwani. Misumari ilionekana mwezi wa Novemba, marehemu akamtuma Jemima ampigie kaka yake simu aje na Cynthia kwa sikukuu, bila kumweleza kwamba vile viti viwili ni vyao, na Hesbon akasema kazi ni nyingi.

Februari mwaka huu figo zilianza kushindwa, na baada ya kulazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, marehemu aliingia hospitali ya Msambweni tarehe 27 Mei 2025. Huko daktari aliniita pembeni akaniuliza mgonjwa amekuwa kipofu tangu lini, nami nikamwambia amekosea kitanda. Hakuwa amekosea. Kisukari kilianza kumla macho kabla ya ile kamera mpya kuja, jicho la kulia lilikuwa limezima na la kushoto likimpa vivuli, mkewe alijua macho yamepungua na hakujua kwamba yamekwisha, kwa kuwa njia za nyumbani na za sokoni alizikanyaga kwa mazoea na watu aliwatambua kwa sauti. Lenzi ya Hesbon hujichagulia sura yenyewe na lazima uone kioo cha kamera ili ujue imechagua ipi, na ukiizungusha kwa mkono huzunguka bila kikomo, haimwambii kitu asiyeona, lakini ile ya zamani ina kikono kidogo chini yake, kikielekea chini mtu yuko hatua mbili, kikielekea kushoto yuko mbali, na marehemu alikuwa akilenga kwa kidole. Siku ya harusi kidole chake hakikukosea, ringi ndiyo iliyokosea, na hakuwa na macho ya kuona kwamba imekosea.

Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia mtoto, alisema: "Nikimwambia sioni, ataacha kazi aje anishike mkono. Afadhali anikasirikie, akiwa na kazi." Nilimkasirikia kaka yangu pale pale kitandani, na bado nimemkasirikia, na nampenda, na sijui nifanye nini na vyote viwili katika umri huu. Marehemu alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni, waliomgeuza na kumwosha kama baba yao. Tunawashukuru majirani wa Mkongani kwa maji, kuni na usiku mliokesha nasi, wapiga picha wa Diani ambao leo wamekataa kutudai chochote, mchungaji na kwaya, na bwana Jaafar, ambaye tangu msiba utokee hajafungua karakana yake.

Shukrani ya mwisho si ya familia, ni ya marehemu mwenyewe, aliniagiza siku mbili kabla hajafa, akanirudisha mlangoni ili nimwahidi kwamba nitaisoma mbele ya watu, kwa kuwa yeye aliishi miaka tisa bila kuitamka. Hesbon, baba yako anasema asante kwa kamera.

Japheth, ndugu yangu, nimeyasema. Sasa lala kwa amani.