Tone la Maziwa kwenye Gogo Jekundu

Juu ya kamyo ya mizigo iliyotoka Sake, Kuluthumu alikaa kati ya wanaume wawili wasiojuana, amepakatishwa kipande cha gogo jekundu kama mutoto wa jirani. Kilikuwa cha yule wa kulia, muzee Nsanzimana, mfugaji wa Masisi, aliyetaka kumchongea binti yake chombo cha maziwa cha kuolewa nacho.

"Muzee, huu ni muti wa viti," alisema Yuma, fundi seremala, aliyekaa kushoto. "Unga wake unapaka mikono rangi. Maziwa yatakuwa mekundu mbele ya wakwe."

"Chombo cha muti mweupe kila mutu anacho," alisema Nsanzimana.

"Na huu, mwaka ukiisha, utageuka kahawia."

"Mwaka unatosha, papa. Wakwe watakuwa wamekwisha kuona."

Kuluthumu aliuza vitambaa. Wanunuzi wa vile vinavyochuja rangi humwambia hivyo hivyo.

Nsanzimana akafungua kibuyu, akadondosha tone la maziwa kwenye gogo. Wote watatu wakainama.

"Bado jeupe," alisema muzee.

"Ngoja," alisema Yuma.

Kamyo ikasimama Murara. Dereva akapiga honi, akauliza nani anashuka. Kuluthumu alikuwa amefika kwake, lakini gogo lilikuwa mapajani, tone bado juu yake, na hakuthubutu kutikisa mguu.