Kadi ya Uso Unaolia

Bawabu alijifanya amelala ndani ya basi, ila masikio yake yalikuwa macho. Kiti cha mbele, fundi cherehani alikuwa akimweleza mama mmoja mtu mzima habari za binti yake mwenye usonji.

"Hasomi sura za watu, mama. Kliniki wakatupa kadi zenye nyuso: anayecheka, anayelia, aliyekasirika. Namtajia, anachagua, namsifu, anarudisha kwenye boksi. Kila jioni."

"Mume wangu naye angefaa kupewa hizo kadi," mama akasema. Bawabu akabana kicheko, maana waliolala hawacheki.

"Dada yangu alipofariki, nilikaa jikoni nalia. Mtoto akaja, wala hakunitazama. Akaniwekea kadi mapajani. Ya uso unaolia."

"Mungu mkubwa! Ukamkumbatia?"

"Nilimwambia, 'Vizuri, rudisha kwenye boksi.' Mazoea, mama. Akarudisha. Tangu hapo nikimtajia anachagua, lakini kuniletea mwenyewe, hataki tena."

"Mtoto hana kinyongo, mwanangu. Lia tena mbele yake."

"Nimejaribu. Machozi ya kuigiza hayamdanganyi."

"Basi mpelekee wewe kadi."

"Ipi, mama? Ya kuomba radhi haimo kwenye boksi."

 Basi likasimama, fundi akashuka na mfuko wake wa vitambaa. Bawabu alikuwa ameshapita kituo chake. Akabaki amefumba macho, sasa kwa sala, akimwombea mtoto asiyemjua amletee tena fundi ile kadi, mara moja tu.