Holger Krogsgaard na Lenzi ya Kuvizia Bata Bukini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimina kahawa, kaa kitako. Leo tunamkumbuka Holger Krogsgaard, mpiga picha wa mji wetu wa Vesterlund, huku magharibi mwa Jutlandi. Holger ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini na moja. Narudia: Holger Krogsgaard, mpiga picha za sura. Kama ulipata kipaimara hapa mjini, basi Holger ndiye aliyekupiga picha. Na kama alikupiga picha, ulipigwa na baridi pia.

Mpiga picha za sura huanza na swali moja: lenzi ipi? Lenzi fupi inamtaka asogee karibu, na akisogea, pua ya mtu inavimba. Lenzi ndefu inamtaka arudi nyuma, uso unatulia, pua inarudi mahali pake. Holger alichagua ndefu. Tena siyo ndefu kidogo. Alinunua ile ya watu wanaovizia bata bukini ufukoni. Studio yake ilikuwa duka la zamani la baiskeli, dogo mno. Kwa hiyo mteja alikaa ndani, mlango ukaachwa wazi, na Holger akasimama ng'ambo ya barabara, mgongo kwenye dirisha la bucha.

"Inua kidevu," alikuwa akipaza sauti. "Siyo wewe, mama wa baiskeli. Wewe pita tu."

Watu walipenda, msishangae. Sisi wa huku tunajijua. Mtu akikusogelea sana unaanza kujiuliza anataka nini. Tukisubiri basi, kati yetu trekta linaweza kupita. Holger alisema kumsogelea mtu usoni ni kukosa adabu, na mji mzima ukaona ni kweli. Tukampa sifa yetu kubwa kuliko zote: siyo mbaya.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupigwa picha. Ni Ingelise, mkewe. Ingelise ni wa akina Toft, na pua ya akina Toft mnaijua. Inaingia kanisani, mwenyewe bado yuko nje anafunga mwavuli. Kila Holger alipomwita kitini, yeye alikuwa na vyombo vya kuosha.

Ikafika harusi yao ya fedha, miaka ishirini na mitano ya ndoa, na gazeti la mji likataka picha ya Ingelise. Binti yao, Solvej, alikuwepo. Ananisimulia:

"Mama alikaa kitini na gauni lake la bluu. Baba akabeba lenzi yake, akaanza kuvuka barabara. Mama akamwita, 'Holger, unakwenda wapi?' Baba akasema, 'Nakwenda kukupiga picha.' Mama akamwambia, 'Mimi niko huku.' Baba akajibu, 'Najua. Lakini nikikaa huko, pua itakuwa kubwa.'"

Wasikilizaji wapendwa, foleni nzima ya bucha ilisikia.

"Mama hakulia," anasema Solvej. "Alisema taratibu tu, 'Kumbe. Miaka yote nilidhani ni haya zako. Kumbe uso wangu unakushinda kwa karibu.' Akaanza kuvua hereni."

Maskini Holger, alidhani anamtendea wema. Alisimama katikati ya barabara na lenzi yake, gari la maziwa likimpigia honi. Hakuwa mtu wa maneno. Akarudi ndani, akafunga mlango. Solvej akachungulia dirishani.

"Baba alifungua droo, akatoa lenzi fupi iliyokuja na kamera, akaipuliza vumbi. Akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Mama akasema, 'Umekaa karibu mno, wewe bwana. Unanuka kahawa.' Baba akamwambia, 'Tulia, usicheke.' Basi ndipo akacheka."

Picha ikatoka gazetini. Pua ilikuwa kubwa, sitawadanganya. Nusura iguse tangazo la mbolea. Lakini macho yalikuwa ya mwanamke anayependwa na anayejua hivyo, na mimi niliikata picha ile nikaiweka.

Wengine wote Holger aliendelea kutupiga kutoka ng'ambo. Tulitaka hivyo wenyewe. Lenzi fupi ilikuwa ya Ingelise peke yake.

Jumanne tulimzika. Tukafanya kama kawaida yetu: kanisani tukajaza viti vya nyuma, vya mbele vikabaki vitupu. Ingelise na Solvej walikaa wawili tu karibu na jeneza. Kasisi akafungua kitabu. Ingelise akageuka, akatutazama.

"Sogeeni," akasema.

Hakuna aliyetikisika.

"Nimesema sogeeni. Hata wewe Vagn, usijifanye husikii."

Vagn ndiye mwenye bucha. Akainuka. Na sisi tukainuka nyuma yake, tukaenda kubanana mbele, bega kwa bega, watu ambao hata mkono tunapeana kwa mashaka. Ilikuwa karibu mno. Tulilia wote, na kila mmoja alimwona mwenzake akilia.

Ingelise, pole sana. Solvej, pole sana. Mji wote uko nanyi. Na wewe msikilizaji, huyo uliyekaa naye nyumbani sasa hivi, lini mara ya mwisho ulimtazama kwa karibu? Zima redio. Nenda kamtazame.