Klara Shekiondo Aweka Randa Chini: Miaka Ishirini na Tisa ya Maboksi ya Spika

Baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya useremala, Bi. Klara Shekiondo anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Karatasi za ofisi zinasema anastaafu kwa hiari. Ni kweli, ila hiari hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe alikuta umeshafunguliwa. Waandaaji wa hafla ya kumuaga wameomba wasifu huu uwe mchangamfu. Tutajitahidi mpaka pale tutakapoweza.

Klara ni mzaliwa wa Gare, hukuhuku Lushoto. Aliingia karakana kupaka vanishi, kwa kuwa wakati ule mwanamke hakuaminiwa kitu kingine chenye mpini. Haikuchukua muda akawa kwenye mashine ya randa, na waliosema mikono yake ni midogo wakawa wanamwomba awanolee visu. Alitengeneza madawati, milango na majeneza. Lakini jina alilipatia kwenye maboksi ya spika. Kwaya zilikuja, misikiti ikaja, wapiga muziki wa harusi wakaja kutoka Malindi yetu ya milimani wakitaka besi ya kutikisa mabati. Klara aliwapa, akawaonya tu kwamba mabati ya bibi harusi hayana dhamana.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Boksi likikamilika, alilaza sikio kwenye ubao akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likijibu vibaya lilifunguliwa upya, hata kama mteja yuko mlangoni na bodaboda inaunguruma. Hakuna boksi lililotoka bila sikio la Klara kuliruhusu.

Sikio hilohilo lilishinda kando ya mashine ya randa miaka yote. Vizuia kelele viliagizwa, vikachelewa, vikafika, vikatundikwa msumarini. Vilipofika, Klara hakuwa na kikubwa cha kukinga. Hilo hatukulijua bado.

Miaka minne iliyopita karakana ilipata kompyuta iliyokwishatumika, ikabidi ichaguliwe programu ya kusanifu maboksi. Zilikuwapo tatu. Ya kwanza ilichora boksi kwa rangi na kulizungusha hewani. Meneja wetu, Bwana Valentino, aliipenda kama mtoto wake wa kwanza. Ya pili ilikuwa nzuri pia, lakini ilitaka mtandao saa zote, na ukungu ukishuka Lushoto mtandao nao hujifunika blanketi. Ya tatu ilikuwa ya bure, ya kijivu, yenye sura ya mtu aliyefiwa. Unaijaza tabia za spika uliyonayo, inakwambia boksi liwe kubwa kiasi gani na tundu la hewa liwe refu kiasi gani. Boksi likishaundwa, unaweka maiki mbele yake, na programu inachora mstari wa sauti iliyotoka. Panapovuma mstari unapanda, panapofifia unashuka.

Klara aliitaka hiyo ya tatu.

"Dada Klara, lakini hii inazunguka!" Valentino alilalamika.

"Boksi langu ukiliona linazunguka, ujue limeanguka," alijibu.

Ubishi ulichukua wiki nzima na chai nyingi. Klara alishikilia neno moja: ile ya rangi inajua kuchora boksi, ila haijawahi kuliuliza boksi linasema nini. Mwishowe meneja akakubali, kwa sharti kwamba inayozunguka ibaki kwenye kompyuta kwa ajili ya wageni. Wageni wanaipenda sana.

Tulidhani ni ukaidi wa fundi. Kuanzia hapo mambo ya kugonga ubao yalikwisha. Klara alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama mstari, akaweka kiganja juu ya boksi, akarudi kwenye kioo. Maboksi yakatoka mazuri kuliko ya zamani.

Kisha Asha wa vanishi akapita nyuma yake asubuhi moja, akasema shikamoo, asiitikiwe. Kesho yake vilevile. Hapa kwetu mtu anaweza kukusamehe mbuzi aliyekula kabichi zake, lakini shikamoo ikianguka chini huokotwa na kijiji kizima. "Kapewa kompyuta, sasa sisi katuona takataka," Asha alisema. Hassani wa msumeno akaongeza kuwa ukubwa wote huanza hivyo, huanzia masikioni. Alikuwa anatania. Asha akaacha kumsalimia, na wengine nao wakapunguza. Klara hakulalamika. Alizidi kuinama kwenye kioo chake.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yake alifariki. Tulipanda Gare sote, na spika za msibani zilikuwa kazi ya mikono ya Klara mwenyewe. Padri akiwa katikati ya sala, aliyeshika maiki alipita mbele ya boksi, likapiga yowe la kupasua kichwa. Watu waliziba masikio, watoto wakalia, waliobeba jeneza wakayumba. Klara alikuwa amesimama karibu na boksi kuliko sisi wote. Hakushtuka. Aliendelea kumtazama mama yake akipelekwa, kwa utulivu wa mtu aliye peke yake kilimani.

Asha ndiye aliyeelewa kwanza. Maziko yalipokwisha alizunguka, akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Shikamoo, mama."

Klara aliitazama midomo yake. "Marahaba, mwanangu," akasema. Ndipo alipolia.

Yaliyofuata yalikuwa ya ofisi. Alipimwa: sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na mngurumo. Akaeleza bila kuficha kwamba alijua tangu kabla ya kompyuta, na kwamba kati ya programu tatu alichagua ile moja yenye masikio. Aliomba abaki. Alisema katika miaka hiyo minne hakuna boksi lake lililorudishwa, na ni kweli. Hassani aliitwa kutoa neno, na alikwenda akiwa amejiandaa kumtetea. Akaulizwa swali moja tu: ubao ukiruka kwenye msumeno naye Hassani akapiga kelele, Klara atageuka? Hassani alikumbuka siku alipomvuta kwa aproni asipigwe na ubao, mama wa watu akamgombeza kwa kumchania mfuko. Klara aliisoma midomo ya Hassani isiyosogea, akachukua kalamu mwenyewe na kutia sahihi karatasi ya kustaafu.

Vizuia kelele havipo tena msumarini. Hassani anavyo kichwani, havui hata akila.

Spika zilizofungwa ukumbini leo ni jozi ya mwisho ya Klara. Anayetaka kumsalimia amjie kwa mbele. Wenye hotuba wasizibe midomo kwa maiki, na waseme taratibu. Bwana Valentino anaombwa pia awe mfupi, ingawa hilo ni kwa faida ya sisi tunaosikia.

Klara, tumekuandikia kwa sababu hotuba zitakupita. Ahsante kwa kila harusi iliyochezwa na kila marehemu aliyetangazwa ng'ambo ya bonde kwa kazi yako. Rudi Gare salama, viazi vikuitikie, na Mungu akupe uzee usio na haraka. Kwaya ikianza, nenda kwenye boksi la kushoto, uweke kiganja. Tumewaambia waanze na besi.

Ukimaliza, inua macho. Wadogo zako wote tutakuwa tumepanga mstari mbele yako, Asha akiwa wa kwanza, kila mmoja na shikamoo zake za miaka minne.