Mjomba Kasuku, Mkalimani Aliyetafsiri Msiba wa Nyumbani Kwao

Marehemu mjomba wetu alizaliwa tarehe 17 Mei 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho kabla ya tangi la maji, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alipeperusha bendera stesheni. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Jina la Kasuku alipewa na baba yake, kwa kuwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu alikwisha kujua kuigiza sauti ya kila mpita njia. Jina likamganda, nasi wapwa zake tukalirithi, tukamwita Mjomba Kasuku.

Alianza shule mwaka 1965. Akiwa darasa la sita alijificha nyuma ya ukuta, akaigiza sauti ya mwalimu mkuu: "Darasa la sita, leo nendeni nyumbani mapema!" Wenzake wakabeba mifuko, hao! Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa adhabu ya kusoma matangazo kila asubuhi. Lakini nyumbani kicheko kilikuwa kimeanza kuadimika. Mikono ya mama yake ilirukaruka yenyewe, uzi haukuingia tena kwenye sindano, na akitembea aliyumba. Majirani walisema ni pombe. Mama yule hakuwahi kuonja pombe maishani. Alifariki tarehe 2 Agosti 1976, na maneno ya watu yakamsindikiza hadi kaburini.

Marehemu alihitimu masomo ya lugha chuo kikuu mwaka 1982, akawa mkalimani wa mikutano. Aliwahi kutuambia kwamba kazi ile ni kukaa ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, kusema mchana kutwa, na kurudi nyumbani bila kuwa umesema neno lako hata moja.

Tarehe 14 Septemba 1999 alikuwa kazini kwenye mkutano wa kimataifa wa sayansi ya jenetiki. Wataalamu walitoka kila pembe ya dunia kujadili jinsi elimu ya chembe za urithi itakavyobadili tiba, kilimo na hata sheria. Alasiri akapanda jukwaani daktari mmoja mwanamke, mtafiti wa ugonjwa wa kurithi unaokula ubongo polepole. Mjomba akatafsiri kama kawaida: "Huanza na mikono. Mgonjwa huyumba, na mara nyingi watu humdhania mlevi."

Hapo sauti yake ikashuka. Kaka yake mkubwa, fundi umeme, alikuwa amefukuzwa kazi miaka minne nyuma kwa kudhaniwa mlevi. Mkalimani mwenzake alinyoosha mkono apokee zamu, Mjomba akatikisa kichwa, akaendelea: "Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Tiba bado haijapatikana." Ukumbi ukampigia daktari makofi. Hakuna aliyegeuka kutazama kibandani.

Baadaye alimfuata daktari kwenye korido, karibu na meza ya chai.

"Daktari, ile mikono, huruka hata mtu akiwa ametulia?"

"Ndiyo. Una jamaa anayeumwa?"

"Mama yangu alikufa nao. Sasa nadhani ni kaka."

Daktari aliweka kikombe chini. Walizungumza mpaka wafagiaji wakaanza kupanga viti.

Kwa msaada wa daktari yule, kaka alipimwa, akakutwa nao. Mjomba akaongozana na daktari hadi kule kaka alikofukuzwa kazi, wakaeleza ugonjwa ule. Kazi haikurudi, ila mabosi walimwomba radhi mbele ya wenzake. Mama yetu, aliye dada yao mdogo, alikataa kupimwa. "Kaka, usinipe jibu la swali nisilouliza," alisema. Majibu ya Mjomba yalipofika mwaka 2001, hakuwa na ugonjwa. Badala ya furaha, akawa mgeni kwao. "Wewe umesalimika, ndiyo maana una mdomo," mama yetu alimwambia, na kwa miaka mingi hakumwita nyumbani.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na mkutubi wa chuo. Walitamani mtoto, lakini tangu ule mkutano Mjomba aliomba wasubiri hadi ajue damu yake. Majibu yalipokuja mazuri, subira ilikuwa imekwisha. "Nilitaka kuishi nawe, siyo kusubiri nawe," mkewe alimwambia. Waliachana bila ugomvi.

Akamchukua kaka yake kuishi naye. Ulimi wa kaka ulipokuwa mzito, Mjomba pekee ndiye aliyemwelewa, akatueleza sote: anataka chai, anaulizia watoto, amechoka na mizaha yenu. Kaka alifariki mwaka 2007. Mwaka 2011 mikono ya mama yetu ikaanza. Alipiga simu mwenyewe: "Kaka, nami limenifika."

"Nakuja, dada."

Alikuja siku ileile, wala hakuzungumzia ya nyuma. Mama alipopoteza matamshi, yeye ndiye aliyemsemea.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua Januari mwaka 2023. Alifariki tarehe 9 Juni, peke yake wodini, tukiwa tumekaa nje tukingoja saa ya kuona wagonjwa.

Ameacha dada mmoja, wapwa wawili, na watoto watatu wa kaka yake waliomwita baba bila kuongeza neno "mdogo". Mkutubi naye yupo hapa nasi.

Mama yetu amekuwa akisema jambo tangu asubuhi. Tumeinama, tumesikiliza, hatukupata neno. Sasa ameashiria tumsogeze karibu na jeneza amwambie mwenyewe. Tunaomba sote tunyamaze mpaka amalize.

Mjomba, amani iwe nawe huko ulikolala.