Gari la Athanas Linasema Nini?

Kijiwe chetu cha mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, hakina kibao. Kina benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la Mangi, birika la kahawa juu ya makaa, na watu ambao hawajawahi kushindwa na swali. Mangi, ambaye kwao Machame ni Anaeli, anauza vipuri vilivyotumika vya Japani. Bakili ni fundi umeme wa magari, ndiyo maana anaitwa Waya. Mwenye birika ni mzee Mwinyimvua, mtu wa Kilwa, na methali zake ni kama chenji ya dukani: anakupa iliyopo. Halafu yupo Athanas, dereva wa taksi, waliyembandika jina la Mjapani kwa sababu hapumziki. Jina hilo alilipenda mno. Akiitwa hivyo hukaza mgongo hata kama macho yanamwaka.

Asubuhi ile alifika na jambo moja.

— Waya, njoo ukate spika. Gari linaongea.

— Magari yote ya Japani yanaongea, alisema Waya. Ukiwasha tu, linakusalimia.

— Hili langu linangoja mpaka nikae sana barabarani. Redio inakatika, anatoka mwanamke, anasema Kijapani chake taratibu, ananyamaza. Juzi abiria kashuka Tazara, kasema hapandi gari lenye jini.

La jana hakuwaambia. Jana, pale Buguruni, alifumba macho kidogo tu, na alipoyafumbua tela la lori lilikuwa limejaa kwenye kioo. Alikanyaga breki ikashika. Abiria wa nyuma alikuwa anachezea simu, akadhani ni foleni. Yule mwanamke alikuwa ametoka kusema maneno yake muda si mrefu, na tangu hapo Athanas hakutaka kumsikia tena. Na leo alikuwa na safari ya Morogoro. Mteja wake alikuwa bado anamalizia manunuzi Kariakoo.

— Nimemrekodi, alisema, akaweka simu katikati ya benchi.

Walisikiliza. Ilikuwa sauti laini, ya mtu aliyelelewa vizuri.

— Oili hiyo, alisema Waya. Anakwambia oili imekwisha.

— Oili nimebadilisha wiki iliyopita.

— Basi anashukuru.

— Wajapani nyie hamwajui, alidakia Mangi. Mimi nafungua makontena yao. Kila bolti imeviringishwa kwenye karatasi yake! Huyo anapeleka ripoti kwao. Gari likiumia huku, kule kiwandani taa inawaka, mtu anaandika.

— Hata likiwa Mbagala?

— Hasa likiwa Mbagala.

Mwinyimvua alitikisa kichwa kwa huruma.

— Huyo ni mke wa mwenye gari wa kwanza. Mume kazi, mume kazi, nyumbani haonekani. Mke akajiuliza, nitampatia wapi? Akaenda kiwandani akawaambia, niingizeni humo humo kwenye gari. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Mzee, hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Wewe umesikia wapi Wajapani wanazaa?

Kijiwe kilicheka mpaka Waya akamwaga kahawa yake. Mangi hakucheka.

— Chekeni tu. Wenzenu wamefika walipofika kwa sababu hawalali. Treni ikichelewa dakika moja, wakubwa wanainama kuomba radhi. Mtu akisinzia anasinzia wima, kituo chake kikifika anafumbua macho, anashuka. Mjapani wetu hapa mwendo wake ndio huo. Mzee, mwongeze kahawa, juu yangu!

Athanas alipokea kwa mikono miwili. Akanywa. Sifa ni tamu bwana, inazidi hata kashata.

Mteja wake akatokea, mama mmoja aitwaye Celina, mwenye duka la vyombo kule Morogoro, nyuma yake mbeba mizigo amelemewa na mabeseni.

— Shikamoo, baba, alimwamkia Mwinyimvua.

— Marahaba, mwanangu.

— Mbona mmeinamia simu kama mnasubiri matokeo ya mtihani?

Wakamweleza, kila mtu na lake.

— Sasa hiyo simu mmeiuliza?

— Tuiulize nini?

— Kijapani! Mimi Kichina sijui hata salamu, ila simu hii inanitafsiria, naagiza mzigo China na bei nabishana. Weka tena hiyo sauti.

Simu mbili zikalazwa pamoja. Ya Celina ikafikiri, kisha ikasema kwa Kiswahili chake cha kukakamaa:

— Umeendesha kwa muda mrefu. Je, si wakati wa kupumzika kidogo?

Waya alirudisha koleo mfukoni.

— Ndilo hilo tu? aliuliza Mangi.

— Ndilo hilo.

— Wahenga walisema... alianza Mwinyimvua. Wakasubiri. Hakikuja kitu.

Celina alikuwa bado anaitazama simu.

— Lakini kwa nini aambiwe na gari? Huyo mwenye gari hakuwa na watu?

Waya aliangalia viatu vyake. Macho mekundu ya Athanas waliyaona wote tangu mfungo wa Ramadhani, na kila walipoyaona walimsifia. Athanas alimwonea huruma yule Mjapani asiyemjua, na hapo ndipo alipojua huruma ile ni ya nani.

— Mama, jana nilisinzia, alisema. Pale Buguruni, na abiria ndani. Lori nililikosa kidogo tu.

— Na sisi hukutuambia? alisema Mangi.

— Ningewaambiaje, Mangi? Na nyie ndio mnaniongezea kahawa.

Mangi aliingia dukani, vyuma vikagongana, akatoka amekumbatia siti ya gari. Akaiweka kivulini, akavuta kishikio, ikalala chini kabisa. Mwinyimvua akakichukua kikombe mkononi mwa Athanas, akamwaga kilichobaki.

Athanas alimtazama mteja wake.

— Mama, duka lako linakusubiri. Nikutafutie dereva mwingine?

Celina alimwambia mbeba mizigo ashushe mabeseni pembeni, akakaa kwenye benchi na kuvua viatu.

— Lala, baba. Tutaondoka ukiamka.